Betri za Miezi Mitatu ya Giza

Historia ya umeme wa Unguja, watu huanza kuihadithia na jumba la Beit al-Ajaib la Sayyid Barghash wakaimalizia kwenye waya wa baharini. Betri haitajwi. Mimi ni fundi betri, kazi nimeirithi kwa ami yangu pale Mlandege, na kwetu sisi mafundi historia imekatika vipande viwili: kabla ya tarehe 10 Disemba 2009, na baada yake.

Kabla ya hapo, kwetu betri ilikuwa ya gari tu. Ami alizikuta zile za zamani za boksi la mpira mgumu, zilizozibwa kwa lami juu. Aliipasha moto lami, akachomoa seli iliyokufa, akapachika pleti nzima, akaziunganisha seli kwa risasi iliyoyeyushwa. Yalipoingia maboksi ya plastiki yaliyogandishwa kiwandani, kufungua kukawa hakuna tena, na sehemu kubwa ya ufundi wake ikafa. Kwangu mimi hiyo ni hasara ya kweli.

Ndipo ukaja waya wa baharini. Ulilazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba. Mwaka 2008 uliharibika tukakaa gizani tangu Mei 21 hadi Juni 18. Disemba 2009 ukaharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 9, 2010. Miezi mitatu! Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafutwa kwa ndoo, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa moshi wa majenereta. Mwenye uwezo kidogo alinunua inveta akaifunga kwenye betri ya gari. Baada ya wiki chache, betri hizo zikaanza kuletwa kwangu zimekufa.

Wenyewe walidhani wameuziwa betri mbovu. Wengi wao walikuwa na betri nzima ya kazi nyingine. Betri ya gari ina pleti nyingi, nyembamba, zenye vitundu, ili imwage nguvu kubwa kwa sekunde chache injini iwake, kisha irudishiwe hapo hapo. Betri ya kazi ndefu ina pleti chache, nene, na unga wake wa risasi umeshindiliwa. Umeme unapotumika, pleti za pande zote mbili hugeuka salfeti ya risasi na asidi huwa nyepesi. Pleti nyembamba zikikamuliwa mpaka chini kila usiku, unga hubanduka ukatuama chini ya boksi. Nikiiinamisha betri, maji yake hutoka meusi.

Jambo la pili lilikuwa kuchaji, na hili liliua hata betri nzuri. Petroli ilikuwa ghali, kwa hiyo jenereta liliwashwa kwa masaa mawili matatu ya magharibi. Betri hupokea haraka mpaka kama asilimia 80. Kilichobaki hakiharakishwi: unaishikilia kwenye volti 14.4 au zaidi kidogo, nayo inapokea kidogo kidogo kwa masaa mengi, kisha unaishusha kwenye 13.5 au karibu na hapo. Masaa hayo hakuna aliyeyapata. Salfeti iliyobaki kwenye pleti ikawa ngumu, na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, ambayo ingesoma 1.270 ikawa haivuki 1.200.

Na ile namba ya ubavuni? Ampea-saa 100, kwa kawaida, hupimwa kwa masaa 20: ampea 5 mfululizo. Ukivuta ampea 25 kwa friji na feni, hupati masaa manne. Hata matatu huenda usiyafikishe. Mjerumani Peukert alilieleza hilo mwaka 1897, na wateja wangu walistahili kuelezwa dukani kabla ya kutoa pesa zao.

Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, wateja wa majumbani wakapungua. Sasa napata zaidi kazi za umeme wa jua za mahoteli ya mashamba, yenye seli kubwa za volti 2 zilizopangwa 12 au 24 kwa mfululizo. Umeme wa jua wenyewe si mgeni kwetu. Kisiwa cha Chumbe kinautumia kwenye nyumba za wageni tangu 1998. Joto letu ndilo adui: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. Kwa hiyo nataka chumba chenye upepo, na maji yaliyotoneshwa tu, yatiwe baada ya kuchaji. Maji ya visima vya Mji Mkongwe yana chumvi, na chumvi hula pleti.