Preston-Dartmouth: jimbo lililozaliwa kwa amri

Ukilitafuta jimbo la uchaguzi la Preston-Dartmouth kwenye ramani ya leo ya Nova Scotia, kule mashariki mwa Kanada, hulioni. Liliishi miaka minane tu, tangu uchaguzi wa 2013 hadi ule wa 2021, na muda wote huo lilikuwa na mbunge mmoja, Keith Colwell wa chama cha Liberal. Unaweza kudhani hapo hakuna habari. Ipo, tena inawagusa watu weusi moja kwa moja.

Nieleze kwanza mambo yalivyo kule. Kanada ina mikoa 10, na kila mkoa una bunge lake mbali na lile la taifa. Bunge la Nova Scotia ndilo kongwe kuliko yote nchini humo, lilianza mwaka 1758. Sasa niulize: mtu mweusi wa kwanza aliingia humo lini? Mwaka 1993. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 235.

Na usidhani weusi wa Nova Scotia ni wageni waliofika juzi na ndege. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoisha mwaka 1783, watu weusi wapatao 3,000 waliokuwa upande wa Mwingereza walipelekwa huko kwa ahadi ya uhuru na ardhi. Uhuru walipata nusunusu. Ardhi wengi hawakuiona, na baadhi ya walioipata walipewa vipande vya mawe nje ya Halifax, ndiko huko Preston. Mwaka 1792 watu wapatao 1,200 walichoka, wakapanda meli 15 bandarini Halifax kwenda Sierra Leone, wakaanzisha mji wa Freetown. Mwaka 1796 wakaletwa Preston zaidi ya watu 500 kutoka milima ya Jamaika, kizazi cha watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza mpaka wakaheshimika. Nao mwaka 1800 wakaondoka, kwenda Sierra Leone hiyo hiyo. Halafu vita vya 1812 vikaleta kundi la tatu, karibu watu 2,000, na wengi wao wakawekwa Preston na Hammonds Plains.

Hawa wa tatu ndio walibaki. Walipewa viwanja vidogo vya ekari kumi hivi, tena bila hati miliki. Walichopewa ni kibali cha kukaa tu. Jambo hilo linaendelea kuwasumbua wajukuu wa wajukuu wao, maana nyumba unaweza kuijenga, lakini benki haikukopeshi kwa kiwanja kisicho na karatasi. Serikali ya mkoa ilitunga sheria ya kusafisha hati hizo mwaka 1963, na bado kazi haijaisha.

Basi, North Preston, East Preston na Cherry Brook zikawa jamii za watu weusi zenye makanisa yao, ukoo zao na majina yao yanayojirudia. Ila kwenye siasa za mkoa hawakuwa na uzito. Kura zao zilimezwa na za majirani.

Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Kanada ilitoa uamuzi katika kesi ya mipaka ya majimbo ya Saskatchewan. Jaji McLachlin aliandika kwamba haki ya kupiga kura haimaanishi kila jimbo lazima liwe na idadi ile ile ya watu. Haki yenyewe ni kuwakilishwa kikweli, na historia ya jamii au hali ya wachache inaweza kuhesabiwa. Tume ya mipaka ya Nova Scotia ikaushika uamuzi huo kwa mikono miwili. Mwaka 1992 ikapendekeza majimbo manne madogo kuliko kawaida: matatu ya Waakadia wanaozungumza Kifaransa (Clare, Argyle na Richmond), na moja kwa ajili ya watu weusi, Preston.

Uchaguzi ukafanyika Mei 1993, Preston ikamchagua Wayne Adams wa Liberal, na akapewa uwaziri. Mwaka 1998 ikamchagua Yvonne Atwell wa NDP, mwanamke mweusi wa kwanza katika bunge lile. Mwaka mmoja tu baadaye Atwell akaangushwa na David Hendsbee wa Conservative, na mwaka 2003 akaja Colwell. Wote wawili ni wazungu.

Hapa ndipo wapinzani wa jimbo hili walipopata la kusema: si mlitaka jimbo la weusi? Mbona mnachagua wazungu? Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu. Jimbo halikuwa kiti cha kugawiwa mtu kwa rangi yake, na mipaka yake ilihusisha majirani wazungu pia. Lilichofanya ni kuhakikisha kwamba yeyote anayetaka kiti, awe nani, lazima afike kanisani East Preston na kusikiliza habari za hati za viwanja. Kwa mwanasiasa, hicho si kitu kidogo.

Mwaka 2012 ikaundwa tume nyingine ya mipaka. Ripoti yake ya kwanza ilitaka kuyaacha majimbo manne yalivyo. Mwanasheria Mkuu wa mkoa, Ross Landry, akaikataa: kila jimbo lisipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 25, basi. Tume ikarudi mezani, Preston ikaunganishwa na sehemu ya Dartmouth, na ndivyo Preston-Dartmouth ilivyozaliwa.

Ajabu ya siasa: katika uchaguzi ule ule wa 2013, jirani kabisa, Tony Ince, mtu mweusi, alimwangusha Waziri Mkuu wa mkoa Darrell Dexter, ambaye serikali yake ndiyo iliyolifuta jimbo la Preston. Alimshinda kwa kura 21!

Waakadia ndio waliofungua kesi. Januari 2017 Mahakama ya Rufaa ya Nova Scotia ikasema Mwanasheria Mkuu aliizuia tume kufanya kazi yake, na kwa hiyo sheria ya mipaka ilivunja haki ya kupiga kura. Mwaka 2019 majimbo yote manne yakarudishwa, bunge likapanda kutoka viti 51 hadi 55.

Agosti 2021 vyama vikubwa vitatu vyote vilisimamisha wagombea weusi Preston, na Angela Simmonds wa Liberal akashinda. Alijiuzulu mwaka 2023. Katika uchaguzi mdogo wa Agosti mwaka huo kiti kilichukuliwa na Twila Grosse wa Conservative, chama kinachotawala, akapewa wizara ya masuala ya weusi wa Nova Scotia. Na suala la hati za viwanja limo kwenye meza za serikali yake.