/usr: Diski Ilijaa Tu

Wasee, kwa Linux programu zingine ziko /bin, zingine /usr/bin. Chuoni, kabla niachane nayo, tulikariri huo mgawanyo kama Amri Kumi. Zii. Linux iliurithi kwa Unix.

Mapema miaka ya 1970, pale Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na PDP-11 yenye diski ndogo sana. Ya mfumo ikajaa, programu zikamwagikia ya pili, /usr, penye mafaili ya watumiaji (ndio maana jina ni hilo). Amri ya kuunganisha hiyo ya pili ilibidi ibaki ya kwanza, la sivyo ungeifikiaje? Diski ya tatu ilipokuja, watumiaji wakahama, programu zikarithi nyumba yao.

Fedora iliunganisha hizo folda 2012. Karibu miaka 40 watu wakitetea diski iliyojaa! Siku hizi kwa mashine nyingi /bin ni kiungo tu cha kukupeleka /usr/bin.