Kificho cha kutazamia ndege

Kificho cha kutazamia ndege ni kibanda au ukuta wenye vitundu, unaomwezesha mtu kuwaona ndege kwa karibu bila kuwashtua. Hufanana kidogo na dungu la mkulima, ila dungu hujengwa ili kuwafukuza ndege, na kificho ili wasiondoke.

Historia. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, waliopiga picha za ndege mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walijificha hata ndani ya ng'ombe wa bandia aliyevikwa ngozi halisi.

Sifa. Ndege hushtushwa zaidi na mwendo na umbo la binadamu. Kwa hiyo njia ya kuingilia huzibwa kwa makuti, matete au vichaka, na ndani huachwa giza. Mwanga ukitokea nyuma, kivuli cha mtazamaji huonekana dirishani. Vitundu huwa vyembamba, vingine usawa wa macho ya aliyeketi, na chini yake ubao wa kuegemeza viwiko mtu ashikapo darubini. Sakafu isiyolia ni muhimu. Karibu na ikweta, katika kificho kinachoelekea mashariki, jua la asubuhi humpiga mtazamaji machoni. Kisijengwe karibu mno na viota.

Mfano. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, daraja la mbao linalopita juu ya mikoko huelekea kwenye kificho. Maji yanapojaa, ndege wanaokula kwenye matope husogezwa karibu na mtazamaji.