Mzoezi, Wala Si Mkufunzi

Imetufikia orodha mpya ya istilahi za katuni na michezo ya kompyuta. Karatasi nzuri, chapa safi, muhuri upo. Humo ndani, yule kijana wa Pokémon azungukaye dunia na panya wa manjano begani ameitwa "mkufunzi wa mazimwi ya mfukoni". Waliolipitisha jina hili bila shaka walikuwa wamekwisha kunywa chai na kula sambusa, kwa kuwa mtu mwenye njaa hana pumzi ya kulitamka hadi mwisho.

Nianze na mazimwi, niyamalize upesi. Ni kweli Pokémon ni ufupisho wa Poketto Monsutā, maneno ya Kiingereza yaliyotiwa matamshi ya Kijapani. Lakini Satoshi Tajiri, aliyeubuni mchezo, alianza kwa kuuita Capsule Monsters, akalibadili jina kabla haujatoka mwaka 1996, kisha jina jipya nalo likakatwa hata mfuko na zimwi vikapotelea humo. Mwenye mali amekwisha kuvizika. Sisi tunavifukua vya nini? Zimwi la hadithi zetu hula watu. Pikachu, yule panya wa manjano, aliyechorwa na Atsuko Nishida, ana mashavu mekundu yenye umeme na jina la mlio tu: pika ni kitu kinachometa, metameta yetu, na chu ni sauti ya panya. Pokémon ibaki Pokémon.

Kwa mkufunzi sina haraka.

Mkufunzi tunamjua. Yuko chuo cha ualimu, ana ratiba, ana ofisi yenye kitasa kibovu, na huwafundisha watakaokwenda kufundisha. Neno lake lina nasaba njema: -funda, ile ya kungwi na mwali, ilizaa -funza, ikapachikwa ku- tunayoiona pia katika mkulima, tukapata mkufunzi. Kila tawi la ukoo huu lina mmoja ajuaye na mwingine asiyejua. Fundi anajua, mwanafunzi hajui. Kungwi anajua, mwali hajui. Hata asiyefunzwa na mamaye akafunzwa na ulimwengu, ulimwengu ndio unaojua.

Sasa na nioneshwe Satoshi anajua nini. Namsema kijana wa katuni, aliyepewa jina la mbunifu wake. Wamarekani walimbatiza Ash. Katika kipindi cha kwanza, kilichorushwa na TV Tokyo tarehe 1 Aprili 1997, mtoto huyu wa miaka 10 amepitiwa na usingizi siku ya kuchukua kiumbe wake. Anafika kwa Profesa Okido akiwa na nguo za kulalia, anakuta viumbe watatu waliowekewa wanaoanza wote wamekwenda, anapewa aliyesalia. Aliyesalia anampiga shoti papo hapo. Hataki kuingia kwenye mpira wa kumfungia, hataki kutembea, hataki hata kutazamwa. Kijana anavaa glavu za kuzuia umeme, anamfunga kamba, anamburuta njiani kama gunia. Huyo ndiye mkufunzi tuliyeletewa.

Ajabu ni kwamba Kiingereza kilikwisha kulitabiri hilo bila kukusudia. Neno lao, trainer, limetoka katika Kifaransa cha kale, lilikokuwa na maana ya kuburuta, nacho Kifaransa kilirithi trahere ya Kilatini, kuvuta. Treni yetu ni ndugu yake wa damu: msururu wa mabehewa yanayoburutwa. Kwa hiyo Satoshi mwenye kamba mkononi ni trainer kwa maana kongwe kuliko zote, na Wajapani walipoliazima wakasema torēnā hawakujua wameazima kamba. Wafaransa wa leo wao walichagua dresseur, yaani mnyooshaji, neno la sarakasi lenye harufu ya simba na mjeledi; msomaji wa Bukavu au Lubumbashi aliyekutana na kijana huyu kwa Kifaransa, akiitwa Sacha, atalikumbuka. Waitaliano ndio walionifurahisha. Walisema allenatore, kutokana na lena, pumzi: mtu atiaye wengine pumzi.

Allenatore ni pia kocha wa mpira, na hapo wenzetu wengine wamedandia wakasema basi yaishe, tumwite kocha. Kocha ni gari la farasi. Gari hilo lilianzia Kocs, kijiji cha Hungaria, katika karne ya 15, jina la kijiji likaenea Ulaya nzima kuwa jina la gari, na miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford wakambandika kwa utani mwalimu wa pembeni aliyewabeba hadi ng'ambo ya mtihani. Hadithi tamu, nami ningeweza kukaa nayo mpaka jioni. Lakini kocha hukaa nje ya mstari, na akifungwa mechi tatu mfululizo huoneshwa mlango. Satoshi alitolewa katika ligi kubwa moja baada ya nyingine kwa zaidi ya miaka 20, hadi alipotwaa ile ya Alola mwaka 2019, na hakuna bodi iliyothubutu kumnyang'anya Pikachu.

Mfugaji? Kufuga ni kuweka. Tunafuga kuku, tunafuga ndevu, tunafuga kucha, na wapo wanaofuga maradhi. Mfugaji mwisho wa siku ana hesabu ya mayai na maziwa. Tena katuni yenyewe ina mfugaji wake, Takeshi, aliyeota miaka mingi kulea na kukuza viumbe hawa kabla ya kugeukia udaktari wao. Jina la Takeshi tukimpa Satoshi, Takeshi tutamwita nani? Mlezi nalo halifai. Mtoto wa miaka 10 bado ana mlezi wake nyumbani, aliyemfungashia nguo za safari.

Neno ninalolipendekeza ni mzoezi. Nililipeleka kwa wahusika kwa maandishi, kwa adabu zote, na nakala tatu. Likarudi limepigwa mstari wa penseli, pembeni pameandikwa: "Halieleweki." Sina kinyongo. Nitawaelewesha.

Kitenzi -zoea hapo kale kilikuwa na l kabla ya irabu yake ya mwisho, sawa na -lea, -pokea, -tetea na -tembea. L hiyo imemezwa katika matamshi, ila ikikutana na kiishio -i hufufuka kwa sura ya z: mlezi, mapokezi, mtetezi, matembezi, na mazoezi yenyewe. Kwa njia hiyo mzoezi ni yule anayezoea. Lakini -zoea ina kauli yake ya kutendesha, -zoeza, nayo ukiitia kiishio kilekile unapata mzoezi tena: yule anayezoeza. Njia mbili, mlango mmoja.

Jamaa mmoja ambaye hushinda akikagua viambishi vya wenzake ameandika kwamba huu ni utata, na kwamba istilahi haitakiwi kuwa na utata, kwa hiyo tuseme mzoezaji. Mbona hajamgusa mtunzi? Mtunzi ametoka kwa -tunga, na kwa sura anaweza kudaiwa na -tunza, na sijapata kusikia mshairi aliyekwenda baraza la wazee kulalamika. Anachokiita utata ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kijana anamzoeza kiumbe na papo hapo anamzoea. Mzoezaji ni wa upande mmoja. Ile -ji yake inanuka kazi ya kila siku na mshahara wa tarehe 25.

Nina shahidi, tena wa Kijapani. Katika michezo hii kuna kipimo kilichofichwa cha namna kiumbe alivyomkubali mwenye kumchukua, na Wajapani hukiita kwa neno natsuki. Limetokana na natsuku, kitenzi kinachosemwa kwa mnyama au mtoto anapomzoea mtu, akaacha kumwogopa, akaanza kumganda. Toleo la manjano la mwaka 1998 lilimtoa Pikachu ndani ya mpira akawa anamfuata mchezaji nyuma. Ukigeuka ukamsemesha, uso wake hukuonesha kama amefurahi au amenuna. Mwaka 1999, katika matoleo ya dhahabu na fedha, wakaja viumbe wasiobadilika umbo hata uwapiganishe usiku kucha, mpaka natsuki ipande ifike kiwango chake. Kinachopimwa hapo ni mazoea. Vyuo vyetu havijapata kumpandisha mkufunzi daraja kwa sababu wanafunzi wamemzoea. Nijuavyo mimi, huandikiwa barua.

Shahidi wa pili ni lile joka la moto, Lizardon, ambalo kwa Kiingereza huitwa Charizard. Satoshi alilipata likiwa dogo na jema. Lilipokua liliacha kumsikiliza, na katika ligi yake ya kwanza lilijilaza katikati ya uwanja mwenzake akingoja, kijana akatolewa mashindanoni huku amesimama anapiga kelele. Amri alizijua zote. Mpira wa kulifungia alikuwa nao mfukoni. Baadaye, safarini visiwani, joka lile likagandishwa kwa barafu vitani, na Satoshi akakesha kando yake akilisugua kwa mikono ili joto lirudi. Kulipokucha likamtii, na halikumwasi tena. Usiku ule hakulifundisha hata pigo moja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: ikiwa kamati ilitaka sana zimwi liwemo, ingelitafuta kwenye methali hii, ambayo kitenzi chake ni kujua kwa maana ya kuzoea.

Halafu kuna jiwe. Pikachu aliposhindwa na Raichu, ambaye ni Pikachu aliyekua, Satoshi aliletewa jiwe la radi litakalomfanya wake naye akue papo hapo. Akamwonesha, akamwachia mwenyewe aamue. Pikachu akalipiga jiwe kwa mkia likaruka huko. Mkufunzi angesema: panda darasa.

Watasema hizi ni katuni. Basi twende Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO huwaandaa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hawa ni panya wa kweli, na watu wa kweli wanaotembea nao. Kazi haianzi na bomu. Huanza panya akiwa na wiki chache, macho yamefunguka juzi, kwa kubebwa, kushikwashikwa, kupitishwa penye sauti na harufu na watu, mpaka mkono wa binadamu usimtishe tena. Yaani anazoezwa. Ndipo huja kile kidude kinacholia kli, na kila kikilia kuna kipande cha ndizi au karanga, hadi sauti yenyewe iwe tamu. Harufu ya baruti hufuata baadaye kabisa, na yote kwa pamoja huchukua takriban miezi tisa. Magawa, aliyezaliwa Morogoro akapelekwa Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Pikachu mwenyewe hana nishani hiyo. Nchi inayozoeza panya hawa mbele ya macho yetu haina sababu ya kwenda kuazima jina la mtu wa chuo cha ualimu.

Limebaki neno la huyo wa begani. Orodha inasema "kiumbe sahaba". Sijui kama walikuwapo Waislamu kikaoni. Kama walikuwapo, walinyamaza. Sahaba, kwa msemaji wa kawaida wa pwani na bara, humpeleka kwanza kwa Masahaba wa Mtume, na panya wa katuni hana haja ya kukalishwa karibu nao. Sisi tuna mwandani: mtu wa ndani, asiyebishiwa hodi, anayejua unachokificha. Yupo mwandishi aliyenicheka gazetini kwamba mwandani ni shimo la pembeni mwa kaburi. Hilo ni mwanandani, bwana mkubwa, lina silabi moja zaidi, na siku zote litakungoja. Pikachu, aliyekataa kulala ndani ya mpira akapanda begani, ni mwandani kuliko wandani wote, na neno linamkaa hivyo hivyo bila kiumbe mbele yake.

Matumizi hayana ugumu: mzoezi, wazoezi, uzoezi, Satoshi ni mzoezi wa Pikachu, Pikachu ni mwandani wa Satoshi. Liko, msichana aliyeishika katuni Aprili 2023 baada ya Satoshi kuaga, naye ni mzoezi, na paka wake wa majani ni mwandani wake. Jimu ibaki jimu. Beji nane wanazokusanya njiani, naona orodha imeziita "nishani za umahiri wa uwanja wa mazimwi". Hizo nitazirudia nikishapumzika.