Nani Humteua Mtumishi? Historia ya Usimamizi wa Vipaji katika Serikali za Mitaa, Wilaya za Tarime na Serengeti

Mijadala kuhusu usimamizi wa vipaji katika halmashauri hujikita katika mafunzo, motisha na tathmini ya utendaji. Insha hii inadai kwamba, kwa Tarime na Serengeti, swali linalotangulia hayo ni la kihistoria: nani amekuwa na mamlaka ya kumteua, kumpandisha cheo na kumhamisha mtumishi?

Kabla ya ukoloni, Wakurya hawakuwa na utemi wa kurithishana. Uongozi ulifuata koo na rika, na wazee wa inchama waliheshimiwa kwa hekima iliyopimwa mbele ya jamii kwa miaka mingi. Wajerumani, kisha Waingereza, waliweka watemi. Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, utemi ukawa ngazi ya utawala wa kikoloni, na kukubalika kwa serikali kukawa na uzito kuliko kukubalika kwa ukoo.

Baada ya Uhuru, utemi ulifutwa mwaka 1963 na majukumu yakabaki kwa halmashauri za wilaya. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 ulizifuta halmashauri hizo nazo, watumishi wakawa chini ya serikali kuu. Ziliporejeshwa mwaka 1984, kwa Sheria Na. 7 ya 1982, mnyororo wa kurithishana uzoefu ulikuwa umekatika kwa miaka 12.

Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 iliwapa waajiri wa ngazi ya halmashauri nafasi katika uteuzi. Hata hivyo, marekebisho ya 2007 yaliunda Sekretarieti ya Ajira, na mchakato wa kutafuta watumishi ukarudi katikati. Mwaka huohuo Rorya ilimegwa kutoka Tarime, hivyo wilaya mbili zikahitaji wakuu wa idara pale ilipokuwa moja. Wakati huo mgodi wa dhahabu wa North Mara, pamoja na utalii unaoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ulihitaji wahasibu na wahandisi wa aina ileile.

Historia hii inaonesha kwamba halmashauri imekuwa ikiwajibika kwa matokeo ya watumishi ambao mara nyingi haikuwachagua na haiwezi kuwazuia kuondoka. Kilichobaki mikononi mwake ni kuwapokea vizuri, kuwaandaa warithi wa nafasi na kuwapangia kazi kulingana na uwezo. Tathmini yoyote ya usimamizi wa vipaji Mugumu au Tarime mjini inapaswa kuipima halmashauri kwa mamlaka iliyonayo, si kwa yale iliyonyang'anywa.