Miamba Inaruhusu

Stakabadhi za hisa zangu nimezitia kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, hapa nyumbani Kihesa, Iringa. Ya kwanza ni ya mwaka 2008, ya NMB. Ya pili ni ya 2009, ya CRDB. Ya mwaka 2014 haimo, kwa sababu mwaka ule sikununua. Walionunua ni walimu wenzangu watatu, na walinunua baada ya kuniuliza swali. Jibu nililowapa ndilo linalonikalisha leo niandike.

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mitano, mingi katika hiyo Chunya na Mbeya mjini, nikastaafu 2015. Mtu wa Nyanda za Juu wa umri wangu alilijua neno hisa kabla ya kulisikia Soko la Hisa. Alilijua kwenye mirathi, pale wazee wanapokaa kugawa mashamba na ng'ombe. Alilijua kwenye chama cha ushirika, ambako mkulima alilipa kiingilio na hisa, kisha akapeleka kahawa au pareto yake. Kule Rungwe, viwanda vya chai vilipobinafsishwa, wakulima wadogo kupitia chama chao walipata sehemu ya umiliki wa kampuni ya Wakulima Tea, yenye kiwanda Katumba. Hisa ilikuwa fungu la kitu ambacho mtu angeweza kwenda kukishika. Kiwanda cha Katumba unakiona ukiwa barabarani kuelekea Tukuyu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilisajiliwa 1996 na kuanza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, wauza oksijeni. Baadaye mwaka huohuo ikaja TBL, kisha sigara, kisha saruji. Huku kwetu habari hizo zilifika kwa gazeti lililochelewa siku mbili, na wengi walilitumia kufungia maandazi. Mambo yalibadilika 2008, Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za NMB kwa shilingi 600 kila moja. Walimu wote tulikuwa tunapokea mshahara kupitia benki hiyo. Tuliifahamu foleni yake, tulifahamu kaunta zake, tulifahamu kwamba mwisho wa mwezi haikosi watu. Mbeya mjini niliona mstari wa wanunuzi ukitoka nje ya mlango wa tawi: wauguzi, makarani wa reli ya TAZARA, wafanyabiashara wa mchele kutoka Mwanjelwa, mama mmoja mwenye fedha zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mwaka uliofuata CRDB ikauza kwa shilingi 150. Gawio likaja, dogo, lakini likaja. Miaka ilipita, na 2024 hisa moja ya NMB ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 4,000.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo imani ilipojengwa. Watu wa mishahara midogo walijifunza kwa mikono yao wenyewe kwamba hisa ni kitu cha kutulia nacho, kama miti ya mbao ya Mufindi: unapanda, unasubiri, unavuna.

Kisha ikaja homa ya gesi. Gesi haikuwa ngeni nchini, maana AGIP waliigundua Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay ikafuata 1982. Ila kuanzia 2010 habari zikawa za bahari kuu. Ophir na BG walipata gesi kwenye visima vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini, Pweza, Chewa na Chaza, na mwaka 2012 Statoil na ExxonMobil wakapata Zafarani. Takwimu za futi za ujazo zilipanda hadi zikazungumzwa kwa trilioni 50 na zaidi, idadi ambayo hata mimi nilishindwa kuiandika ubaoni ikaeleweka. Mtwara waliandamana Januari 2013, na Mei kukazuka ghasia, watu wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo vitalu vipya vya baharini vikanadiwa. Reginald Mengi, akiongoza Taasisi ya Sekta Binafsi, alidai Watanzania wapewe nafasi kwenye vitalu. Waziri Sospeter Muhongo alijibu kwamba mitaji ya wazawa haifiki huko. Kwa hesabu tu, waziri hakukosea, maana kisima kimoja cha bahari kuu hula makumi ya mamilioni ya dola. Lakini jibu lile liliumiza watu. Liliumiza hata walimu wa sekondari Mbeya, ambao hawakuwa wameomba kitalu chochote.

Na hisa za hao wachimbaji wa baharini zilikuwa zinauzwa London, Oslo na New York. Mtu wa Uyole mwenye laki mbili za akiba hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango mmoja ulifunguliwa Juni 2014. Kampuni ya Swala ilitoa hisa kwa umma kwa shilingi 500, na Agosti ikaorodheshwa Dar es Salaam kwenye dirisha la kukuza ujasiriamali, lile lililowekwa kwa kampuni changa ambazo bado hazina historia ya faida. Ilikuwa kampuni ya kwanza ya utafutaji wa mafuta na gesi kuorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Afrika Mashariki. Iliomba shilingi bilioni 4.8, ikapata zaidi ya bilioni 6. Vitalu vyake havikuwa baharini. Kimoja kilikuwa Pangani, na kingine Kilosa-Kilombero, ambacho kwa watu wa Iringa ni kama uani kwetu: unapita Udzungwa, unashuka, uko bondeni kwenye mpunga. Wahehe wengi wana mashamba kule, au wana ndugu wenye mashamba. Kwa hiyo gesi iliyokuwa mbali, kwenye kina cha bahari ambayo wengine wetu tulikuwa tumeiona mara moja tu maishani, ghafla ikawa na jirani yake chini ya shamba la shemeji.

Siku chache kabla ya likizo, mwalimu kijana wa hisabati aliingia ofisi ya walimu na fomu mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye mtu wa miamba. Chini ya Kilombero kuna mafuta?"

Nikasimama, nikachora. Nilichora Bonde la Ufa linavyoshuka kutoka Turkana, ambako mafuta yalipatikana 2012, na tawi la magharibi lenye Ziwa Albert, ambako Uganda walikuwa wameyapata tangu 2006. Nikaeleza jinsi mashapo yanavyojilundika bondeni, yanavyofunikwa, yanavyopikwa na joto la ardhi. Nikamaliza kwa kusema, "Miamba inaruhusu."

Walimu watatu walijaza fomu wiki iliyofuata. Mmoja alichukua hisa 200, shilingi laki moja, akaniambia kwa furaha kwamba amefuata ushauri wangu.

Sikuwa nimemshauri. Lakini yeye alisikia ushauri, na mwalimu anawajibika kwa kile mwanafunzi anachokisikia. Jibu langu lilikuwa sahihi na lilikuwa pungufu. Kilichopungua nilikuwa nacho tangu utoto, na tena nilikishuhudia kwa macho, nikakinyamazia.

Cha utoto ni hiki. Baba yangu alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Saza, uwanda wa Lupa, hadi ulipofungwa mwaka 1956. Dhahabu ya Lupa ndiyo iliyouinua mji wa Mbeya mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 maelfu ya vibarua walitoka Ubena, Unyakyusa na hata Nyasaland kwenda kuchekecha mchanga wa mito ya Chunya. Mgodi ulipofungwa, wachimbaji wadogo hawakuondoka. Baba alirudi shambani, lakini kwa miaka kadhaa alikuwa anawapelekea unga wachimbaji wawili aliowaamini. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: wakiufikia mwamba, mawe yatagawanywa, yeye na fungu lake. Hawakuufikia. Siku moja nilimuuliza kama atawadai. Akasema hapana, unga umeliwa na shimo. Hakusema kwa uchungu. Yeye alijua tangu gunia la kwanza kwamba ametoa chakula cha kutafutia, na kutafuta kuna siku ya kupata na siku ya kukosa.

Na nililoliona kwa macho ni la 1987. Nilikuwa mwalimu kijana Chunya, na mwaka huo kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili vya kutafuta mafuta katika bonde la Rukwa: Galula, upande wa bonde la Songwe, na Ivuna, upande wa Mbozi wa wakati ule. Tuliwapeleka wanafunzi kuangalia mtambo wa Galula kwa mbali. Mnara wa chuma juu ya tambarare, taa usiku, malori ambayo barabara zetu hazijawahi kuyabeba. Wanafunzi waliandika insha kwamba Chunya itakuwa kama Kuwait. Kisima cha Ivuna kilishuka zaidi ya mita 2,000. Vyote viwili havikuwa na mafuta ya kuvunwa, na Amoco wakafungasha wakaondoka. Miamba ya Rukwa nayo ilikuwa inaruhusu. Mashapo yalikuwepo, ufa ulikuwepo, kila nilichokichora ubaoni 2014 kilikuwepo Galula 1987.

Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia kijana wa hisabati: hisa ya benki ni fungu la biashara inayoendelea, na hisa ya kampuni ya utafutaji ni gunia la unga wa baba yangu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, na fomu zote mbili zilikuwa na rangi nzuri, na zote mbili zilisema hisa. Waraka wa matarajio ulieleza hatari zote, kurasa kwa kurasa, kama sheria inavyotaka. Sikumwona mtu yeyote katika ofisi yetu aliyezisoma kurasa zile, nami nikiwemo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Juni 2014, mwezi uleule wa kuuza hisa, pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30, na duniani kote kampuni zilikunja mikeka ya utafutaji. Kisima kilichokuwa kikitangazwa kule Kilombero, Kito-1, kiliahirishwa mwaka hadi mwaka. Bonde lile ni ardhioevu iliyolindwa kimataifa tangu 2002, na hilo peke yake linafanya kuchimba kuwe kazi ya tahadhari kubwa. Kito-1 hakikuchimbwa. Januari 2018 Swala ilinunua karibu asilimia 8 ya kampuni mama ya PanAfrican Energy Tanzania, wazalishaji wa gesi ya Songo Songo, na hapo hatimaye wanahisa wadogo wakawa na kafungu katika gesi inayotoka kweli. Lakini ununuzi huo ulikuja na deni. Deni likailemea kampuni, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa sokoni.

Haki inanitaka niseme pia kwamba hata hisa za benki si mwamba. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi ya Njombe, jirani zetu kabisa. Wakati huo MUCOBA ya Mafinga, iliyoanzishwa na watu wa Mufindi wenyewe na kuorodheshwa Dar es Salaam 2016, ilinusurika. Tofauti na utafutaji ni kwamba mwenye hisa ya Njombe angeweza kuingia tawini, akahesabu watu, akauliza mikopo inalipwaje. Kilombero ungemuuliza nani? Jibu lilikuwa chini ya ardhi, na njia pekee ya kulipata ilikuwa kuchimba kwa fedha zako.

Sisemi utafutaji ni utapeli, wala sisemi wadogo wasiuguse. Gesi inayowasha taa za Dar es Salaam ilipatikana kwa sababu mtu fulani alikubali unga wake uliwe. Nasema aulishe shimo anayejua kwamba analilisha, na kwa kiasi ambacho kikiliwa ada ya mtoto haiguswi.

Bonde la Rukwa nalo halijanyamaza. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba lina gesi ya heli kwa wingi. Kampuni ya Helium One iliingia soko dogo la London Desemba 2020, na watu wa kawaida wa Uingereza, mafundi na wastaafu kama mimi, wakawa wananunua na kuuza hisa zake, bei ikiruka na kuanguka kwa kila habari ya kisima. Mapema 2024 heli ilifika juu ya ardhi katika kisima cha Itumbula, nchi ileile ya Ivuna ambako Amoco waliondoka mikono mitupu.

Kijana wa hisabati sasa ni mkuu wa shule. Mwaka jana alinipigia simu kuniuliza kuhusu heli, kama kuna namna ya kununua hisa. Safari hii nilimwomba aje nyumbani. Tulikaa mchana mzima, nikamsimulia habari za Saza na za Galula, kisha nikamwambia asome kurasa za hatari mbele yangu, kwa sauti.