Kidole cha Glavu Kilichookoa Miguu

Mguu uliokatiwa damu ghafla haujifichi. Unauma vibaya, unapauka, unakuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka majini. Ukibonyeza upande wa juu wa wayo hupati mapigo. Ganzi inafuata, na mwisho vidole vinagoma kusogea. Mara nyingi donge la damu limetoka kwenye moyo unaodunda ovyo, likateremka na ateri hadi njia ilipobana, likakwama. Tangu hapo ni mbio: zikipita kama saa 6, misuli inaweza kufa.

Mwaka 1911, Georges Labey wa Ufaransa alifanikiwa kupasua ateri ya mguu na kulitoa donge. Lakini kwa miaka 50 iliyofuata, kulifuata donge lilikokwama kulimaanisha kumpasua mgonjwa chale ndefu, wakati moyo wake wenyewe ulikuwa hoi. Wengi waliishia kukatwa mguu, na wengine walikufa.

Haya aliyaona kijana Thomas Fogarty katika hospitali ya Good Samaritan, mjini Cincinnati, Marekani. Hakuwa daktari. Alianza kwa kusafisha vifaa, baadaye akawa anawakabidhi madaktari zana katika chumba cha upasuaji. Nadhani ndiyo maana swali lake lilikuwa la fundi: kwa nini tusiingie ndani ya mshipa wenyewe?

Akachukua mrija mwembamba wa njia ya mkojo, akakata ncha ya kidole cha glavu ya upasuaji, akaivika kwenye mrija. Gundi ya kushikanisha vitu hivyo viwili hakuipata. Ila tangu utotoni alikuwa mvuvi, hodari wa kufunga chambo cha bandia, kile cha uzi na manyoya kinachofanana na mdudu. Akaufunga mpira ule kwa uzi, kwa mafundo yaleyale ya mtoni.

Mrija huo hufanya kazi hivi: daktari anachana kidogo kwenye kinena, anaupitisha puto la mpira likiwa limesinyaa hadi uvuke donge, analijaza puto maji, kisha anauvuta taratibu. Puto linarudi likilikokota donge mbele yake. Chale ni moja, na mara nyingi sindano ya ganzi inatosha.

Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1961, na ripoti ikachapishwa 1963. Watengenezaji wa vifaa walikuwa wamelikataa wazo hilo mpaka kampuni ya Lowell Edwards ilipokubali kuutengeneza mrija huo.

Huko Portland, Oregon, daktari Charles Dotter alikwenda mbali zaidi. Januari 1964 alipitisha mirija kupitia tundu la sindano tu, akauzibua mshipa wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Mshipa ule ulikuwa umeziba polepole, si kwa donge la ghafla. Lakini mlango ulishafunguka. Mwaka 1974 Dotter aliripoti kudondosha streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kupitia mrija uliofikishwa penye donge lenyewe, kwa kipimo kidogo.

Siku hizi kuna pia mirija inayolifyonza donge. Dawa ya kuyeyusha, hata hivyo, huchukua saa nyingi, na mguu ulioanza kupooza hauna muda huo. Hapo wapasuaji wengi bado hufungua kinena, hunyoosha mkono, na kuomba “Fogarty”.